Tupeane uzoefu: utabiri wako wa besiboli kabla ya msimu kuanza uliwahi kutiki au mkeka ulichanika?

Mnyamwezi wa Jersey (mwanzisha mada)

Wakuu habari za saa hizi. Najua humu wengi ni Simba, Yanga na Arsenal, ila sisi tuliohamia Marekani na Kanada wengine tumeshanasa kwenye besiboli na hatutoki. Sasa hivi timu zote 30 ziko kambini, nusu Arizona nusu Florida, mwisho wa Machi msimu wa 2026 unaanza na kila mtu kazini kwangu kageuka sheikh Yahya. Hebu tupeane uzoefu, uliwahi kutabiri nini kabla ya msimu, ikawaje, halafu weka na utabiri wako wa mwaka huu ili Oktoba tusikimbiane.

Mi kanuni yangu ni moja tu, siangalii nani kasajili mpigaji gani, naangalia mapitcha, yaani warusha mpira. Mechi ni 162, yaani karibu kila siku kuanzia Machi mpaka mwisho wa Septemba, mpigaji hata awe mkali vipi anashika gongo mara nne au tano kwa mechi anarudi kukaa kwenye benchi, lakini pitcha anayeanza mechi ndo anashika roho ya timu siku hiyo, na unahitaji watano maana akirusha leo anapumzika kama siku nne tano. Sasa ukiwa na wawili wazuri na watatu wa kuungaunga, Julai joto likipanda utalia.

Mwaka jana kabla ya msimu Mets walikuwa wamemchukua Juan Soto, miaka 15, dola milioni 765, washkaji pale ghalani tunapopakia mizigo wakasema bingwa kashapatikana tugawane maji. Mi nikasema hao Oktoba wako nyumbani, mapitcha hawatoshi. Jamani nilitukanwa! Na kufika katikati ya Juni Mets walikuwa na rekodi nzuri kuliko timu yoyote, nikawa nakula chakula cha mchana kwenye gari kukwepa kelele. Halafu ikaanza kuporomoka taratibu, mapitcha wanaumia, wengine wanapigwa inningi ya tatu (mechi ina awamu tisa, ndo inningi) wanatolewa, mpaka siku ya mwisho kabisa ya msimu wakafungwa na Marlins 4-0, wakalingana na Reds 83-79 na Reds wakapita kwa sababu ya matokeo ya wao kwa wao. Soto mwenyewe alipiga homrani 43, zile za kuvusha mpira juu ya uzio, hana kosa. Jumatatu nikaenda kazini na kahawa yangu, sikusema neno, nikakaa meza ya katikati.

Utabiri wangu 2026: Dodgers wanachukua tena mara ya tatu mfululizo, siwapendi lakini ndo hivyo, Ohtani yupo, Yamamoto yupo, wameongeza Kyle Tucker na yule kloza (pitcha wa kumalizia mechi) Edwin Díaz waliyemtoa hukohuko Mets. ILA rekodi bora ya msimu hawatakuwa nayo. Mwaka jana watu walisema watavunja ile rekodi ya ushindi 116 kwa msimu, wakaishia 93, kwa sababu wale wanawalaza mapitcha wao mpaka mtoano ufike, hawana haraka. American League, moja ya ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana World Series (fainali ya mpaka mechi saba), naenda na Mariners wa Seattle. Karibuni.

Mama Zuhura, Toronto

Kaka asante kwa uzi, ila umenitonesha kidonda.

Mi mwaka 2025 nilisema Blue Jays wetu wa Toronto hawashiki mkia tena, na nilisema mbele ya shemeji yangu ambaye anajua kila kitu. 2024 tulikuwa wa mwisho kwenye divisheni yetu, 74-88, shemeji akasema hii timu imekufa wauze tu. Nikamwambia Vladdy (Guerrero, mpigaji wetu mkuu) anataka mkataba, mtu anayetaka mkataba anacheza. Aprili akapewa, miaka 14, milioni 500, shemeji akasema sasa ndo atalala kabisa. Haya, tukamaliza 94-68, tukaongoza divisheni mbele ya Yankees, tukafika World Series mara ya kwanza tangu 1993. Kuna kijana anaitwa Trey Yesavage, Aprili alikuwa anarusha kule chini kabisa kwenye timu za kukuza wachezaji Florida, Oktoba mechi ya tano ya World Series anawatoa wapigaji 12 wa Dodgers kwa straiki (mipira halali waliyoshindwa kuipiga, tatu unatoka). Nani humu alimtabiri huyo? Aseme!

Sasa mechi ya sita. Tulijazana chini kwetu, majirani wa Mombasa wameleta mahamri, inningi ya tisa tuko nyuma 3-1, Barger wetu akapiga mpira mrefu ukaenda ukutani na ukaNASA. Yaani umekwama pale chini ya godoro la ukuta kama umewekwa kwa mkono. Kwa sheria mpira ukikwama hivyo wakimbiaji wanapewa besi (vituo vya kukimbilia) mbili tu basi, aliyekuwa mbele yake akarudishwa besi ya tatu, na dakika chache baadaye Barger mwenyewe akakamatwa akiwa mbali na besi, mechi imeisha. Mechi ya saba tukaongoza mpaka inningi ya tisa, Miguel Rojas wa Dodgers, mtu ambaye hata hayumo kwenye orodha ya wapigaji wa kuogopwa, akasawazisha kwa homrani. Inningi ya 11 Will Smith wao akatumaliza kwa homrani, na Kirk wetu akapiga mpira wa mwisho gongo likavunjika mkononi. Yamamoto alikuwa amerusha mechi ya jana yake karibu mipira 100 na leo yupo tena!! Mtu gani huyo.

Shemeji akasema "si nilikwambia". Nini ulichoniambia wewe?

2026: Jays tunaongoza tena divisheni, tumempata pitcha Dylan Cease. World Series sisemi, moyo bado.

Dereva wa Arlington

Mimi wangu ulitiki mzima mzima. 2022 Rangers walishinda 68 wakapoteza 94, halafu wakamtoa Bruce Bochy kwenye kustaafu wakamleta awe kocha. Huyu mzee ana makombe matatu na Giants, nikasema kwenye gari kwa kila abiria aliyepanda, Rangers 2023 wanakwenda mtoano. Abiria mmoja aliniuliza kama nimetoka nchi ambayo besiboli ipo nikamwambia nimetoka Tabora lakini macho ninayo. Bahati mbaya pitcha deGrom waliyemsajili kwa pesa ndefu akaumia mapema, watu wakakata tamaa, mi nikasema subirini. Wakachukua kombe la kwanza katika historia yao, na mtoano mzima walishinda mechi 11 kati ya 11 za ugenini. Nyumbani ndo wakawa wanafungwa fungwa, mi nilikuwa nimenunua tiketi ya nyumbani sasa.

Kwa hiyo mkuu mwanzisha mada, mapitcha sawa, ila usidharau kocha.

Seattle Sitoki

Mwanzisha mada nakuomba ufute hilo jina la Mariners hapo juu. Kila anayetutabiria anatuua. 2001 tulishinda 116, hatukufika World Series. Mwaka jana Cal Raleigh kapiga homrani 60, ni kecha (mdakaji wa nyuma ya mpigaji) huyo, kazi yake kuchuchumaa usiku kucha, na kapiga 60. Mechi ya saba ya nusu fainali na hao Toronto tunaongoza 3-1 inningi ya saba, Springer wao akapiga homrani ya pointi tatu. Mpaka leo sisi ndo timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kukanyaga World Series. Mama Zuhura sina la kukuambia kwa kweli, pole nusu.

Utabiri wangu: sina. Waulizeni wengine.

Mama Zuhura, Toronto

Pole nusu nimeipokea 😂

Kijana wa Kariakoo

Mi niko Dar sijawahi hata kupanda ndege. Nilianzia kwenye kubeti, mpira wa miguu droo zilikuwa zinaniua, jamaa akanambia kuna mchezo hauna droo, wanacheza mpaka mmoja afe. Kweli, ile World Series ya mwaka jana kuna mechi ilikwenda inningi 18, zaidi ya saa sita. Tatizo mechi za kule zikianza saa moja jioni yao huku ni saa nane usiku, unakaa na simu chini ya shuka mama watoto asione mwanga.

Nilichojifunza msije mkadanganyika, huku timu mbovu inashinda. White Sox mwaka jana walikuwa hovyo kabisa wakashinda 60. SITINI. Kwenye ligi yetu timu ya mkiani ikishinda tano tunafanya sherehe. Sasa we unaweka timu kumi kubwa kwenye mkeka mmoja usiku mmoja, lazima mbili tatu zikuchane. Nikaacha kubeti nikabaki naangalia tu, na siku hizi Jumamosi napita pale Azania sekondari kwenye kile kiwanja Wajapani walichosaidia, vijana wanarusha vizuri sana aisee. Utabiri wangu sio wa mwaka huu, ila Mtanzania atafika. Yule Gift Ngoepe wa Afrika Kusini 2017 si alifika, tena mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo akapata hiti (alipiga akafika besi salama).

Kampala–Boston

@Kijana wa Kariakoo mtatukuta tumeshakaa. Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza Little League World Series (mashindano ya dunia ya watoto) pale Williamsport 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, na 2022 Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda. Pangeni foleni.

Wambui wa Minneapolis

Nyinyi mnateseka na utabiri kwa sababu mnatabiri mazuri. Mimi miaka mingi nilikuwa nasema Twins wa hapa kwetu wataingia playoffs (mtoano) na watapoteza zote, na nilikuwa sawa kila saa, walipoteza mechi 18 za playoffs mfululizo kuanzia 2004. Kazini wananiita nabii. Halafu 2023 wakaenda wakashinda, tena dhidi ya Toronto (sorry Mama Zuhura), nikapoteza cheo. Julai mwaka jana wakauza wachezaji kundi zima, mpaka unaangalia mchezo hujui ni nani anacheza. 2026 nasema watapoteza zaidi ya 90. Natafuta cheo changu.

Baba Paroko, kusini mwa Chicago

Mnaoisema White Sox mjue Baba Mtakatifu Leo XIV ni shabiki wetu, chungeni ndimi. 2024 nilitabiri tutapoteza 100, tukapoteza 121. Mwaka jana 102. Kwa mwendo huo mwaka huu tunapoteza 83, tumemleta Mjapani Murakami, anapiga mbali sana akiupata. Akiupata.

Refa wa Jumamosi, Columbus

Mnasahau kitu kikubwa cha mwaka huu, kamera kuhukumu straiki. Mimi nachezesha watoto wikiendi, nasimama nyuma ya kecha, najua kazi ya kecha ni wizi wa heshima, mpira umepita nje kidogo anaudaka huku anauvuta ndani polepole, na we refa unaona kama ulikuwa ndani. Sasa 2026 mpigaji, pitcha au kecha akiona refa kakosea anagonga kofia yake hapohapo, hakuna kuuliza kocha, kamera zinatoa jibu kwenye skrini uwanja mzima unaona. Kila timu ina nafasi mbili za kupinga, ukipatia unabaki nayo, ukikosea imekwenda.

Utabiri wangu ni kwamba timu zenye wapigaji wenye hasira zitamaliza nafasi zao inningi ya pili, halafu inningi ya tisa wameonewa kweli na hawana pa kushtaki. Timu zenye kecha mtulivu ndo zitafaidi, maana yeye ndo anayeuona mpira vizuri kuliko wote. Kwa hiyo nampa Raleigh na Mariners.

Seattle Sitoki

Refa na wewe!!!

Mnyamwezi wa Jersey (mwanzisha mada)

Nimesoma zote. Dereva wa Arlington hoja ya kocha naipokea nusu, maana Bochy huyohuyo alikuwepo Rangers 2024 na 2025 na mtoano hakuuona tena. Refa, hiyo ya kecha mtulivu nimeipenda, naiba nakwenda kuisema kesho ghalani kama yangu. Na wote mkae mkijua mkataba wa wachezaji na wamiliki unaisha tarehe 1 Desemba mwaka huu, wakigombana 2027 tunaweza kukosa hata cha kutabiri, kwa hiyo anayetaka kuandika namba zake aandike sasa. Wambui, zaidi ya 90 nimeiandika na tarehe.