Naomba ushauri: vipimo viwili vya mionzi, majibu tofauti

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari hapa Tabora, na nataka wanafunzi wapime mionzi ya asili: udongo wa shamba, tofali za darasa, na haya mawe ya itale tuliyonayo tele.

Nina kipimo cha bomba la Geiger (bomba la gesi linalotoa pigo mionzi ikipita), na rafiki kaniazima kingine cha kioo, yaani fuwele, ya sizimu ayodaidi, ambayo hutoa mwanga mdogo ikipigwa na mionzi. Juzi niliviweka pamoja juu ya jiwe. Geiger ikalia taratibu, ti... ti-ti... kama mara 30 kwa dakika, ikasoma mikrosivati (kizio cha dozi ya mionzi) 0.20 kwa saa. Cha kioo kikahesabu zaidi ya 600, kikasoma 0.13. Hesabu 30 ni chache, kosa lake karibu asilimia 18, basi nikasubiri dakika 20 nzima. Tofauti ikabaki palepale.

Nahisi bomba linazidisha gamma (mionzi inayopenya sana) za nishati ndogo, maana vipimo vingi husawazishwa kwa sizimu-137, chanzo ambacho gamma zake zina nishati kubwa kuliko hizo. Tena bomba lina mapigo yake lenyewe hata pasipo chanzo cha mionzi. Hayo nayapunguzaje?

Mwezi ujao naenda Kigoma kwa treni. Nawaza nikodi mtumbwi, nivipeleke vyote katikati ya ziwa, ambako maji huzuia mionzi ya ardhini na kubaki zaidi ile ya angani. Aliyewahi kujaribu anielekeze: umbali gani kutoka ufukweni, nisubiri muda gani? Na kwa shule yenye fedha ya kipimo kimoja tu, mngenunua kipi?