Naomba ushauri: kulea bila kiboko mbele ya macho ya watu

Ndugu wazazi na walezi wenzangu, salamu kwenu.

Mimi na mwenzangu tuna mtoto wa kiume wa miaka 5, na tangu alipozaliwa tulikubaliana kwamba hatutamchapa. Nimejaribu kumweleza bibi yake kwamba Uswidi ilipiga marufuku adhabu ya viboko hata nyumbani tangu mwaka 1979, na kwamba nchi nyingi zimefuata, lakini yeye hushikilia kuwa samaki mkunje angali mbichi na kwamba sisi tunamdekeza tu.

Shida kubwa, hata hivyo, hutokea mbele za watu. Mtoto akigaagaa chini akililia kitu, mimi huchuchumaa, nikasubiri atulie, kisha nikazungumza naye. Wakati huo macho yote huwa kwangu, na mara mbili watu nisiowafahamu wameniambia waziwazi kwamba kofi moja lingemnyamazisha. (Cha ajabu, nikiinua sauti, haohao hunong'ona kwamba namtesa mtoto.) Nakiri kwamba wiki iliyopita nilimfinya kwa sababu ya aibu yangu, si kwa kosa lake, na hilo ndilo linaloniumiza.

Tumejaribu kumweleza taratibu kabla ya kutoka, jambo ambalo limesaidia kiasi. Kumnyima katuni hakujafua dafu.

Naomba kuuliza: mzazi afanye nini hasa katika dakika zile za kelele mbele ya watu? Na nimwombeje bibi, bila kumvunjia heshima, asimchape tunapomwachia mtoto?