Shule ya Shizutani, Bizen: inafaa kuwapeleka watoto?

Mama wa wawili, Kobe
Habari zenu ndugu mlioko huku Japani. Mwanangu wa darasa la sita wameanza historia ya zama za Edo (1603 hadi 1868), na kila jioni ananirushia maswali nisiyoyaweza. Kasri la Himeji tumelizoea. Nasikia Bizen, mkoa wa Okayama, kuna shule ya enzi za masamurai iliyo wazi kwa umma. Aliyefika anieleze: njia ikoje, na watoto watapata nini zaidi ya kupiga picha?

Kaka wa Okayama
Dada, wapeleke. Mimi kila mgeni wangu humpeleka Shizutani kabla hata ya bustani ya Korakuen.

Ilianzishwa mwaka 1670 na Ikeda Mitsumasa, mtawala wa jimbo la Okayama, ili watoto wa wakulima na watu wa kawaida nao wasome. Hilo mwambie kijana mapema, maana shule nyingi za majimbo enzi hizo zilikuwa za wana wa masamurai. Kazi ya ujenzi alikabidhiwa Tsuda Nagatada, na ukumbi mkubwa unaouona leo ulikamilika 1701. Sasa ni Hazina ya Taifa.

Waonyeshe paa. Vigae vyake ni vya udongo wa Bizen, uleule wa vyungu maarufu vya huku, rangi ya kahawia iliyoiva. Kisha waangalie ukuta wa mawe unaozunguka eneo lote, mita 765, mgongo wake umeviringwa na mawe yamekaa kwa kubanana. Mkono ukipita juu yake hauoni ncha. Upande wa mabweni walijenga kilima kiwe kizuizi, moto ukizuka huko usifike ukumbini.

Linalonigusa zaidi ni mashamba na misitu. Tsuda alihakikisha shule ina ardhi yake yenyewe, mbali na hazina ya jimbo, kama shamba la wakfu. Hata ukoo wa Ikeda ungehamishiwa jimbo jingine, shule isife njaa. Ndugu zangu, jengo halitunzwi kwa kusifiwa. Linatunzwa na mtu aliyefikiria mapema fundi wa paa atalipwa na nani.

Na bado linatumika. Makundi ya wanafunzi huja kwa mafunzo, huketi sakafuni wamekunja magoti na kusoma kwa sauti maneno ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China. Ile sakafu inang'aa mpaka nguzo zinaonekana ndani yake.

Baba Nagoya
Maelezo mazuri, kaka. Lakini watoto wetu shuleni huulizwa kila siku wametoka wapi. Tukiwapeleka kwenye historia ya wenyewe, si tunawaongezea ugeni?

Kaka wa Okayama
Shikamoo, baba. Nakuelewa, na wangu huulizwa hivyohivyo. Ila shule hii ilipokea hata watoto waliotoka majimbo mengine, na wakati ule jimbo la jirani lilikuwa ugenini kweli. Mtoto aliyezaliwa Kobe, anayeandika kanji, zile herufi za Kijapani zilizotoka China, kuliko mzazi wake, ana haki ya kusimama pale bila kuomba radhi. Nisingependa wangu waijue Japani ya maduka na vituo vya treni tu.

Mama wa wawili, Kobe
Ahsanteni sana. Na usafiri?

Kaka wa Okayama
Kutoka Himeji panda treni ya JR, njia ya Sanyo, kuelekea Okayama, shuka Yoshinaga. Uliza kama treni yako inafika moja kwa moja, nyingine zinakutaka ubadilishe treni kituo cha Aioi. Kutoka kituoni ni kama kilomita 3 na mabasi ni machache, kwa hiyo tazama saa ya basi la kurudi kabla hujaondoka nyumbani, au chukua teksi. Beba chakula. Mkiweza njooni Novemba: mbele ya hekalu la Confucius kuna miti miwili iliyooteshwa kwa mbegu za kutoka kaburini kwake China, mmoja hugeuka mwekundu na mwingine wa manjano. Wikiendi watu hujaa, hivyo wahini asubuhi. Nijulishe tarehe, nami nitawaleta wangu.