Kupima mabomba kabla ya plasta: maji, hewa au tenki tu?

MamaRiat: Habari za jioni wanajamvi. Najenga huku Riat, Kisumu. Mabomba ya PPR (yale ya plastiki yanayounganishwa kwa kuchomwa) yameshapita ukutani, plasta inaanza Jumatatu. Fundi anataka kuleta kompresa ajaze hewa, maana maji yetu ni ya kubahatisha. Shemeji anasema tufungulie tenki usiku mmoja, basi. Nimfuate nani?

FundiLanet: Dada, usimfuate shemeji. Mita 10 za kimo cha maji hukupa presha ya kama baa 1, kwa hiyo tenki la mita 6 ni baa 0.6. Kiungo kilichochomwa vibaya kitanyamaza hapo, kisha siku utakapofunga pampu kitakutapikia ukutani. Kodi pampu ya mkono yenye geji ya presha. Na maji si mengi hivyo: mita 100 za bomba la milimita 20 ni karibu ndoo moja ya lita 20. Ziba ncha zote kwa plagi, hita isiwe imeunganishwa, toa hewa mfereji wa juu kabisa, ndipo upige. Mimi hupandisha hadi baa 10.

BaridiNjoro: Naitetea hewa kidogo. Hupenya tundu ambalo maji hayapiti, na ukipaka povu la sabuni unaona panapovuja bila kulowesha nyumba. Mabomba ya gesi ya jikoni nimepima hivyo miaka yote.

StimuKericho: Gesi ya jikoni ina presha ndogo sana, mzee. Baa 10 ni habari nyingine. Maji hayabanwi, kiungo kikiachia presha inakufa papo hapo. Hewa ni springi. Kazini mabomba ya chuma ya mvuke tunayapima kwa maji mara 1.5 ya presha ambayo bomba limebuniwa kubeba. Ikilazimu hewa, ni mara 1.1, na watu wote wameondolewa hapo. Plastiki kwa hewa sikubali kabisa. Nimeona kiwiko cha bomba kikipasuka, kipande kikabandua kona ya tofali.

BaridiNjoro: Hapo nimekusikia. Kwa PPR, maji.

MamaRiat: Tumepiga maji leo mchana. Baa 10, nusu saa ikawa 8.5! Fundi anaapa geji ni mbovu.

FundiLanet: Asiapie geji bado. PPR hutanuka ikibanwa, mara ya kwanza lazima ishuke. Rudisha 10, ngoja, rudisha tena. Halafu jua la Kisumu likipiga ukuta nalo linayumbisha geji, usome asubuhi. Ikizidi kushuka baada ya hapo, tafuta jasho, yaani kiungo chenye unyevunyevu.

MamaRiat: Saa moja asubuhi tumerudisha 10, saa mbili ikawa 9.2. Nimepita na tochi na karatasi ya shashi, kiungo kwa kiungo. Cha nyuma ya sinki la jikoni kimelowesha karatasi. Fundi amekikata, ndani plastiki haikuyeyuka upande mmoja. Anachoma upya sasa hivi, plasta imesogea Jumatano.