Nahamisha familia kutoka Dar: Dodoma, Mwanza au Mbeya?

FundiMtulivu
Wakuu, salaam. Nimekaa Dar miaka 19. Kodi ya nyumba inaisha mwezi wa 6 na sitaki kulipa tena kwa mwenye nyumba yeyote wa mji huu. Nina hela ya kiwanja na ya kuanzia msingi. Nimechuja mpaka imebaki miji mitatu: Dodoma, Mwanza na Mbeya. Dodoma nimefika mara mbili, Mwanza mara moja kwenye msiba, Mbeya sijawahi kukanyaga. Naomba mnieleze mnaoishi huko, wapi pana maisha mazuri?

Mama Tumaini
Kaka, maisha mazuri ya nani? Hujasema unafanya kazi gani, una watoto wangapi, mama watoto anafanya nini, hela yenyewe kiasi gani. Mgonjwa hasemi panapouma halafu anaomba dawa. Jaza hayo kwanza.

MzeewaIlazo
Dodoma, usipoteze muda. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973 na watu wakangoja weee, lakini tangu 2016 serikali imehama kweli. Mji ukawa jiji 2018. Sasa hivi wizara ziko Mtumba, chuo kikuu kipo, na treni ya umeme inakuleta kutoka Dar asubuhi, masaa manne hayafiki uko hapa. Mtu akitaka kurudi Dar kumwona ndugu anaenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwanza na Mbeya utayafanya hayo? Viwanja vimepimwa, barabara za mitaa zimenyooka. Njoo Nzuguni au Iyumbu ujionee.

Ng'wanaBuhongwa
Mzee wa Ilazo, mwambie na habari ya maji. Mji unaotegemea visima vya Mzakwe kwa miaka yote hiyo, watu wameongezeka maradufu. Huku kwetu ziwa liko mlangoni. FundiMtulivu, mkoa wa Mwanza sensa ya 2022 ilikuta watu 3,699,872, wa pili baada ya Dar. Watu hao wanakula, wanavaa, wanaharibikiwa vitu, wanahitaji mafundi. Ukiwa na mkono wa kazi hulali njaa Mwanza. Samaki, mchele wa Magu na Sengerema, dagaa wa Mwaloni, nyama. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko.

MzeewaIlazo
Maji ya ziwa yapo, lakini panda milima ile uone watu wanavyobeba ndoo. Nyumba zimekaa juu ya majabali, gari halifiki, zege unalipandisha kwa vichwa vya watu.

Ng'wanaBuhongwa
Hiyo ni Igogo na Mabatini. Mimi namwambia Buhongwa, Kisesa, Igoma, ardhi tambarare.

UyoleJuu
Mbeya haijatajwa hata kwa heshima. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mbu ni wa kuhesabu, hakuna kulala umelowa jasho. Chakula ndiyo usiseme: viazi vya Uporoto, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela, maharage, maparachichi, maziwa ya Rungwe. Ukitoka Dar unakouziwa fungu la mchicha kwa hesabu ya majani, ukifika soko la Mwanjelwa utashangaa. Reli ya TAZARA ipo, uwanja wa ndege wa Songwe upo, na njia ya Tunduma inapitisha mizigo ya Zambia na Kongo usiku na mchana.

FundiMtulivu
Samahani wakuu, Mama Tumaini kasema kweli. Mimi ni fundi wa majokofu na AC. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ya serikali. Watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Tunaishi na mama yangu, ana miaka 74 na magoti yanamvimba kipindi cha baridi. Hela niliyotenga ni milioni 18 kwa kila kitu.

Mama Tumaini
Unaona sasa! Magoti ya mama ndiyo yalitakiwa kuwa mstari wa kwanza. UyoleJuu, mwambie ukweli kuhusu mwezi wa 6 na wa 7.

UyoleJuu
Baridi ipo, sitaficha. Asubuhi unaona mvuke ukitoka mdomoni, na wazee wanaota jiko la mkaa. Lakini hata mama yangu mwenyewe ana miaka 80 na anaamka kwenda shambani. Mwili huzoea.

Mama Tumaini
Aliyezaliwa kwenye baridi na aliyepelekwa kwenye baridi akiwa na miaka 74 si watu wamoja.

Dada wa Sabasaba
Na fundi wa AC Mbeya atapata kazi wapi? Nani anafunga AC Mbeya? Mimi niko Dodoma, ofisi zote hizi mpya zina AC, mwezi wa 10 na wa 11 joto likipanda mafundi wanatafutwa kwa simu. Kwa kazi yake jibu ni Dodoma, mbona rahisi.

UyoleJuu
Dada, fikiria tena. Ubaridi hautumiki kupoza ofisi tu. Parachichi la kusafirishwa nje linataka vyumba baridi na kontena za kupoza kuanzia Rungwe mpaka Njombe. Maziwa yanataka matangi ya kupoza kwenye vituo vya kukusanyia. Malori ya mizigo ya baridi yanaharibika njiani na dereva yuko tayari kulipa leo hiihii kwa sababu mzigo unaoza. Ofisi ya serikali AC ikifa, fundi anasubiri malipo mpaka robo ya mwaka ipite.

Ng'wanaBuhongwa
Hapo kwa malipo ya ofisi umesema. Lakini kwa ubaridi, baba lao ni minofu ya sangara. Viwanda vimepungua kadiri samaki walivyopungua, nakubali, ila barafu ya wavuvi, majokofu ya mabucha, vyumba baridi vya samaki, vyote hivyo viko Mwanza. Na joto la Mwanza ni la wastani, magoti ya mama yatapona.

Mwl_Ramani
Nafundisha jiografia sekondari, naomba niongeze kitu ambacho naona kinasahaulika. Nchi hii watu wake wamekaa pembezoni. Chukua ramani utie wino pale penye watu wengi: ukanda wa ziwa, Kilimanjaro na Arusha, nyanda za juu kusini, pwani. Katikati panabaki na watu wachache. Sababu ni mvua, na zamani mbung'o pia. Dodoma hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka, Tukuyu inapita 2,000. Hata pwani yenyewe hapalingani: mkoa wa Dar una kilomita za mraba zisizofika 1,400 na watu 5,383,728. Lindi ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000 na watu milioni 1.2 tu. Dodoma ni mji ulioletwa katikati kwa uamuzi wa serikali, haukuletwa na mvua wala bandari. Kwa hiyo ukihamia Dodoma unaegemea mshahara wa serikali. Ukihamia Mwanza au Mbeya unaegemea mazao na biashara ya watu. Fundi ajiulize anataka kumtegemea nani.

Halafu kalenda. Mwanza wana vuli na masika. Mbeya na Dodoma wana msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Mbeya hela inaonekana mtaani baada ya mavuno, na miezi ya kabla ya mavuno wateja wanakopa. Fundi asiyejua kalenda ya wateja wake atajikuta anadai mji mzima.

Dada wa Sabasaba
Mwalimu, Dodoma ina zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Na alizeti. Usituweke kwenye mshahara peke yake. Wagogo walikuwepo hapa na mtama na ng'ombe wao kabla ya wizara yoyote.

Mwl_Ramani
Kweli, nimekosea kusema kwa mkato. Mbukwenyi, nawasalimu Wagogo.

KihambaChaBaba
Wakuu, kabla hajanunua popote naomba asome haya, yamenigharimu.

Mimi ni wa Rombo. Kwetu kihamba, yaani shamba la ukoo, kinatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na nimekua nikiamini kwamba nchi nzima ndivyo ilivyo. Mwaka 2016 nikiwa kazini Mtwara niliona korosho inavyolipa, nikatafuta shamba. Nikapata ekari 6 za mikorosho mikubwa, zinauzwa na kijana wa kama miaka 40, baba yake amefariki. Akanionyesha mipaka, majirani wakaitika, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari mbele ya balozi wa nyumba kumi na mashahidi wawili. Nikalipa yote. Msimu wa kwanza nilivuna, nikapeleka ghalani, nikapata hela, nikajiona nimefika.

Msimu wa pili, mwezi wa 10, nimewapeleka vibarua kuokota, wakaja wazee wanne na mwanaume mmoja mtu mzima. Yule mwanaume ni mtoto wa dada wa marehemu. Akasema kwa upole kabisa, bila matusi: hii mikorosho ni ya ukoo wa upande wa mama wa marehemu, na baada ya mjomba wangu mrithi ni mimi, mwanawe alikuwa anatunza tu. Nikadhani ni tapeli. Nikaenda kuuliza kijijini, wazee wakaniambia ndivyo desturi yao ilivyo, mpwa humrithi mjomba. Yule kijana muuzaji naye alikuwa anaamini ana haki kwa sababu baba yake ndiye aliyepanda miti. Kumbe wakati mwingine ardhi ina mwenyewe na miti ina mwenyewe.

Tukaenda baraza la kata, kisha juu zaidi. Msimu wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi la shauri, korosho zinaanguka hazina wa kuziokota. Kilichoniangusha si desturi peke yake. Niliulizwa swali moja: mkutano mkuu wa kijiji uliridhia lini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ipo, mimi niliishia kwa balozi. Nimerudi na fidia ya palizi tu. Mpaka leo nikiona korosho dukani nageuza uso.

Binti Newala
Pole sana kaka, nimeumia kusoma. Ila msichukue kwamba kusini wote ndivyo. Kwetu siku hizi wazazi wengi wanawapa watoto wao mashamba wakiwa hai, na dini nazo zimebadilisha mambo. Baba yangu aliita kijiji kizima akanikabidhi mikorosho 40 mimi binti. Kosa ni kununua bila kuuliza ukoo wa upande wa mama.

UyoleJuu
Hadithi nzito lakini haihusu Mbeya. Kwetu ardhi ni ya upande wa baba.

KihambaChaBaba
Inahusu sana. Nilichokosa ni kuuliza. Hata kwenu, anayeuza ana kaka zake wangapi? Mama yake yuko hai? Waite wote wakae kikao kimoja.

Mama Tumaini
Kwa milioni 18 anunue kiwanja kilichopimwa tu. Akitoka nje ya mji kwenda ardhi ya kijiji, afuate alivyosema Kihamba.

Mtumishi2011
Hamjagusa habari ya mke. Mwalimu wa serikali hahami kwa sababu mume amechoka na Dar. Njia nyepesi ni kubadilishana kituo: atafute mwalimu wa Mwanza, Dodoma au Mbeya anayetaka kuja Dar, na hao ni wengi. Wakikubaliana, halmashauri zote mbili zipitishe. Fundi, ungeanza hapo. Mji utakaompa mkeo mtu wa kubadilishana ndio mji wako.

FundiMtulivu
Mtumishi, hapo umenifungua macho. Mke ameshapata watu wawili wa kubadilishana nao. Mmoja yuko Mbeya, mwingine yuko Misungwi.

Ng'wanaBuhongwa
Misungwi! Hiyo ni Mwanza, barabara ya lami mpaka mjini. Mwadila, karibu nyumbani.

UyoleJuu
Wa Mbeya ni wa shule ya wapi? Kama ni Uyole au Iyunga usiiachie.

Mama Tumaini
Misungwi mjini au ndani vijijini? Uliza, wilaya ni kubwa.

Juma wa Kilosa
Nawasoma tu. Mnaongea kama mikoa ina kuta. Huku Kilosa nina majirani Wasukuma waliotoka na ng'ombe Shinyanga, wengine waliondolewa bonde la Usangu kule Mbeya 2006 wakashuka. Babu yangu mwenyewe ni Muha wa Kigoma, alichukuliwa kwenda kukata mkonge enzi za manamba, vibarua wa mkoloni, hakurudi. Mimi Kiha sikijui.

Binti Newala
Hata babu yangu mzaa mama alikwenda manamba Tanga! Alirudi na cherehani. Alikuwa shamba gani babu yako, unakumbuka?

Juma wa Kilosa
Alianzia Tanga, baadaye akaja Kimamba hapa Kilosa. Kuna makaburi ya wakata mkonge hapa, mengine yana majina ya Kimakonde. Nikipita nitakupigia picha.

Binti Newala
Tafadhali. Jina la ukoo nakutumia pembeni.

FundiMtulivu
Wakuu, nimeongea na mama. Amesema hajawahi kuiona Mbeya na anataka kuiona, magoti ni yake. Mke anataka Misungwi. Ijumaa napanda basi kwenda Mbeya na mama, tutalala siku tatu tuone asubuhi zake. UyoleJuu, tunahitaji nyumba ya wageni yenye maji ya moto.

UyoleJuu
Nitawapokea stendi mwenyewe. Mwambie mama abebe sweta mbili na soksi nzito.

Ng'wanaBuhongwa
Na mkirudi mpitie Mwanza kabla hujalipa chochote.

MzeewaIlazo
Dodoma iko njiani kwenda Mwanza, mkumbuke kushuka.