Kambale wa masika Mto Ruvu: mshipi unatupwa wapi maji yakijaa?

Kimara_Mwisho: Wakuu, salaam. Kiangazi perege wanakula vizuri tu kwa nyungunyungu, ila Ruvu ikijaa na kuwa rangi ya chai ya maziwa, mshipi unakaa bure au chubwi (kile kizito cha risasi cha kuzamisha ndoana) linanasa. Safari hii nataka kambale. Natumia mshipi wa mkono wa milimita 0.35, ndoana za perege, chubwi nimefunga mwisho kabisa. Nibadili nini? Na Mto Msimbazi hapa Dar karibu haufai?

Chubwi_Bapa: Badili mahali kwanza. Masika kambale hapigani na mkondo wa katikati, anafuata maji yanayoingia kwenye nyasi, huko ndiko anakotaga. Tupa karibu na ukingo: nyuma ya gogo, kona ya ndani ya mto, na zaidi ya yote mdomo wa mfereji unaorudisha maji ya mbugani mtoni. Maji yakianza kushuka, samaki wanashuka nayo, na giza likiingia wanakula zaidi.

Mshipi chukua 0.50 au 0.60. Chubwi liwe na tundu, gramu 40 hadi 60, lipite kwenye mshipi bila kufungwa. Chini yake ushanga, kisha kiungo kinachozunguka, kisha sentimita 30 za mshipi mpaka ndoana. Ukilifunga, kambale akivuta anasikia uzito na kutema. Lile la duara ndilo linalokunasia, linabingirishwa na mkondo hadi kwenye mizizi. Tumia bapa. Ndoana za perege ziache nyumbani. Mdomo wa kambale ni mpana na mgumu, ndoana nyembamba inanyooka.

Chambo: kwenye tope anatafuta kwa harufu na sharubu, macho hayamsaidii. Utumbo wa kuku uliolala usiku mmoja, uzungushie uzi wa cherehani usichanike ukirusha, ncha ya ndoana ibaki wazi. Badilisha kila nusu saa hata kama haujaguswa, maana harufu inakuwa imeshaoshwa.

Mche_Mmoja: Utumbo wa nini na inzi wote hao? Kipande cha sabuni ya mche kinatosha.

Chubwi_Bapa: Haya, humu tumekuwa familia ya kambale, kila mtu ana ndevu. Sabuni inavua, mkuu, sikatai, lakini kwenye mkondo inayeyuka haraka. Ipeleke kwenye madimbwi yaliyotulia.

Mama_Mlandizi: Msimbazi achana nao, unabeba maji taka na ya viwandani. Samaki wa pale si wa kula.

Na huko Ruvu kuna mamba na viboko. Usioshe samaki ukingoni, usiingie majini kunasua ndoana, kata mshipi. Mto unaanzia milima ya Uluguru, kwa hiyo Dar kunaweza kuwa na jua kali huku maji yanapanda. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kikianza kuzama, hama. Habari za leseni muulize afisa uvuvi wa halmashauri kabla hujaenda.

Ukimpata, usimshike ovyo: ana mwiba mkali kwenye kila pezi la kifuani. Kidole gumba upande mmoja, vingine upande wa pili, nyuma ya miiba hiyo. Ute unatoka kwa majivu. Harufu ya tope inapungua ukimweka hai kwenye ndoo ya maji safi siku moja au mbili, ukibadilisha maji. Funika ndoo na uweke jiwe juu! Anavuta hewa ya nje huyu, usiku atatoka na utamkuta uani.

Kimara_Mwisho: Shukrani sana dada, na wewe mkuu. Chubwi bapa lenye tundu nalipata wapi?

Chubwi_Bapa: Uliza kwa wauza zana za uvuvi pale Feri, soko la samaki Dar. Ukikosa, nunua la duara uliponde mwenyewe kwa nyundo, risasi ni laini. Ila chomeka msumari kwenye tundu kabla ya kugonga, la sivyo litaziba. Kisha lainisha kingo za tundu kwa msasa, zisikate mshipi.