Mrejesho: ile gari yangu iliyogoma kuwaka

Asalam aleikum wakubwa, mie yule niliyeuliza gari haiwaki asubuhi, starta (mota ya kuwashia injini) kimya na taa nyekundu ya alamu ya wizi inawaka inazima kwenye dashibodi. Imepona alhamdulillah. Mlosema nibadilishe starta mungenitia hasara ya bure nyie. Fundi umeme wa hapa Wete kafungua boneti akanionesha kiswichi kinachoiambia alamu boneti imefungwa, plagi yake imeota kutu ya kijani, chumvi ya bahari hii, basi alamu iliyokuja na gari kutoka kiwandani ikidhani boneti iko wazi inakata umeme wa starta. Kasugua plagi kwa mswaki, kaweka swichi ya mtumba, ikawaka hapo hapo. Kabla ya hapo nilikuwa nafungua mlango wa dereva kwa ufunguo wenyewe badala ya rimoti, saa nyengine alamu inatulia.